Mashine pepe ikichelewa kuwaka, uliza kwanza inangoja nini

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Umeme ulikuwa umerudi tangu alfajiri, lakini katika ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam watu wanne walikuwa wamekaa mbele ya skrini wakiwa hawana la kufanya. Mhasibu, mama ambaye hufika kabla ya wote, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii seva kila umeme ukikatika inatula asubuhi nzima. Tumeambiwa tuongeze RAM."

Seva yenyewe ni moja, ya chuma, na ndani yake zinaendeshwa mashine pepe tatu: moja ya hesabu, moja ya kutunza faili, moja ya kumbukumbu za mizigo. Nilizizima zote, nikawasha ile ya hesabu peke yake, nikapima kwa saa ya simu. Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Nikaizima, nikaiwasha tena. Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Nikamwambia mama asitoe hela ya RAM.

Mashine iliyozidiwa haiwi sahihi kiasi hicho. Kompyuta inayohangaika na diski nzito au RAM finyu itachukua dakika mbili leo, tatu kesho, na ukiizima na kuiwasha papo hapo itachukua moja na nusu, kwa kuwa faili nyingi bado zimo kwenye kumbukumbu ya seva. Inayorudia muda uleule bila kupungua sekunde haifanyi kazi yoyote. Inangoja. Mahali fulani ndani yake programu imeambiwa isubiri kitu, na kama hakijatokea baada ya muda uliopangwa, iendelee. Kitu hakipo, muda unakwisha, inaendelea, na kesho inarudia yaleyale. RAM ya bei yoyote haitapunguza hata nukta moja ya kungoja huko.

Nimeona watu wengi mno wakinunua vifaa kutibu kungoja, ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kubadilisha chochote, jua kama mashine yako inafanya kazi polepole au inangoja.

Kwa asiyezoea lugha ya kazi hii, kompyuta ya chuma tunaiita mwenyeji, na mashine pepe iliyo ndani yake tunaiita mgeni. Anayewagawia wageni prosesa, RAM na diski ni haipavaiza: VirtualBox, VMware, Hyper-V, au KVM ambayo ndiyo injini ya Proxmox. Mgeni anawaka kwa hatua zilezile za kompyuta yoyote. BIOS au UEFI inatafuta diski ya kuwakia. Kisha GRUB, au kipakizi kingine, kinaiita keneli. Keneli inatambua vifaa. Mwisho huduma zinaanza, moja inaivuta nyingine, hadi uone pa kuandika jina na nywila. Kuchelewa kwaweza kujificha kwenye hatua yoyote, na dawa ya hatua moja haigusi nyingine.

Anza na vitu viwili visivyo na gharama. Kaa mbele ya skrini ya mgeni anapowaka, na karatasi mkononi, uandike sekunde ambayo kila hatua imebadilika. Ukiona skrini nyeusi yenye maneno ya kutafuta mtandao kabla hata mfumo haujatajwa, umeshapata jibu: mgeni anajaribu kuwakia kwenye mtandao kabla ya diski. Nenda kwenye mpangilio wake, uiweke diski mbele, umemaliza. Wakati huohuo fungua kipimo cha mwenyeji, yaani Task Manager kwenye Windows, au "top" na "iostat" kwenye Linux. Mgeni anapokwama, tazama: prosesa iko juu? Diski imejaa kazi asilimia mia? Au vyote vimetulia tuli? Vikitulia, mgeni anangoja. Kimoja kikihema, mgeni anafanya kazi na kuna kinachomkaba. Dakika tano za kutazama hivi zinakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Kwa mgeni wa Linux, kazi ya saa imeshafanywa ndani kwa ndani. Tangu Debian 8 na Ubuntu 15.04, zote za Aprili 2015, mifumo hiyo inawashwa na systemd, na systemd inaandika muda wa kila kitu. Andika "systemd-analyze" na utapewa mgawanyo: keneli sekunde ngapi, huduma sekunde ngapi. Kwa mashine ya mama mhasibu, keneli ilitumia sekunde nne tu, huduma dakika mbili na sekunde saba. Amri ya pili, "systemd-analyze blame", inapanga huduma kuanzia iliyochukua muda mrefu. Juu kabisa ilikaa systemd-networkd-wait-online, dakika mbili na ushee.

Hapa niwatahadharishe. Orodha ya "blame" inaonyesha nani amechukua muda mrefu, lakini haisemi kama kuna aliyecheleweshwa naye. Huduma inaweza kutumia dakika nzima pembeni bila kumzuia mtu. Kwa hiyo usikimbilie kuzima kila kilicho juu ya orodha. Uliza amri ya tatu, "systemd-analyze critical-chain", inayokuonyesha mnyororo wenyewe, nani alimngoja nani hadi mwisho. Kwenye mashine ile mnyororo ulikuwa wazi: programu ya hesabu inataka mtandao uwe tayari, na mtandao unasemekana hauko tayari mpaka zipite dakika mbili.

Mtandao gani tena, wakati mashine ilikuwa na anwani yake na inapatikana? Nikafungua faili iliyo ndani ya folda ya /etc/netplan, na hapo kisa chote kikajieleza. Mgeni alikuwa na kadi mbili za mtandao. Ya kwanza, ens18, ndiyo ya ofisi, nayo ilipata anwani ndani ya sekunde mbili. Ya pili, ens19, iliwekwa zamani kwa ajili ya kifaa cha kuhifadhia nakala, kifaa kikaharibika, kikaondolewa, kadi ikabaki. Faili inasema ens19 iombe anwani. Kila asubuhi ens19 ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, na systemd kwa uaminifu wake inangoja hadi sekunde 120 zitimie. Mstari mmoja chini ya kadi hiyo, "optional: true", unaiambia systemd kwamba kadi hii si lazima. Nikauandika, nikatekeleza "netplan apply", nikawasha upya. Sekunde kumi na moja.

Kuanzia hapo nawasihi wanafunzi wangu wakariri namba tatu za systemd na jamaa zake: 30, 90 na 120. Ukipima kuchelewa ukapata moja kati ya hizo pamoja na sekunde chache za kawaida, acha kufikiria vifaa.

Namba 120 ni ya mtandao, kama tulivyoona.

Namba 90 mara nyingi ni ya diski au sehemu ya diski isiyokuwapo. Utaiona kwenye skrini kama nyota nyekundu zinazotembea huku na huku, na hesabu inayoelekea dakika moja na sekunde 30. Faili ya /etc/fstab inataja sehemu ya diski kwa namba yake ndefu ya utambulisho, na sehemu hiyo haipo tena. Umechomoa diski ya nje. Umeifomati upya swopu, yaani sehemu ya diski inayoisaidia RAM, ikapata namba mpya, lakini fstab inaijua ya zamani. Umenakili mgeni kutoka kwa mwenzako aliyekuwa na diski mbili, wewe unayo moja. Linganisha fstab na majibu ya amri ya "blkid", mstari kwa mstari, na namba isiyo na mwenyewe ifute. Kama ni diski inayokuja na kuondoka, iongezee neno "nofail" kwenye mstari wake. Hili la "nofail" lina uzito kuliko watu wanavyolichukulia: diski ya data isiyo na neno hilo ikikosekana, baada ya sekunde 90 mgeni hatawaka kabisa bali atakutupa kwenye hali ya dharura akidai nywila ya msimamizi, na kama wewe uko Mwanza na seva iko Dar es Salaam, umekwama.

Namba 30 ina machimbuko mawili. Moja ni ndugu wa lile la swopu: kwenye Debian na Ubuntu, faili ya kuwashia inaweza kuwa inakumbuka swopu ya zamani kama mahali pa kuamkia baada ya kulala, ikaitafuta kwa nusu dakika kisha ikakata tamaa. Rekebisha au futa kilichoandikwa katika /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, halafu tekeleza "update-initramfs -u". Jingine linatuhusu sana sisi tunaoishi na umeme wa kukatika. Ubuntu ikianza kuwaka na isimalize, GRUB inaweka alama kwamba safari iliyopita ilishindikana. Safari inayofuata inaweka menyu mbele yako kwa sekunde 30, ikidhani kuna mtu anayetaka kuchagua. Umeme wetu una tabia ya kurudi, kukaa dakika moja, na kukatika tena, na dakika ile ndiyo mgeni alikuwa njiani. Kwenye /etc/default/grub weka GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT kuwa 5, kisha "update-grub". Usiweke sifuri. Siku moja utaihitaji ile menyu.

Kuna kungoja kwingine kusiko na namba, na hapo kanuni yangu ya kurudia muda uleule haifanyi kazi. Mwaka 2019 Debian 10 ilipotoka, watu wengi waliona wageni wao wakikwama dakika kadhaa kabla ya huduma ya SSH kuamka, leo dakika moja, kesho nne. Prosesa imetulia, diski imetulia. Cha ajabu kuliko vyote, ukigusa kibodi ovyoovyo kwenye skrini ya mgeni, anaamka. Sababu ni kwamba programu za usiri zinahitaji namba za nasibu, na keneli hukusanya unasibu huo kutokana na mambo yasiyotabirika: mibofyo ya kibodi, mienendo ya kipanya, mitetemo ya muda wa diski. Mgeni aliye ndani ya seva hana kibodi inayobofywa wala diski ya kweli inayozunguka, kwa hiyo anakaa na kapu tupu akingoja lijae. Keneli ya Linux 5.4, iliyotoka Novemba mwaka huohuo, ilijifunza kujitengenezea unasibu kutokana na mitetemo ya muda wa prosesa, na tatizo likapungua sana. Lakini mashine za zamani bado ziko kazini. Tafuta kwenye "dmesg" mstari wa "crng init done" uone umekuja sekunde ya ngapi. Ukiwa umechelewa, mpe mgeni kifaa cha VirtIO RNG, ambacho kinamchotea unasibu kutoka kwa mwenyeji. Kwenye Proxmox na KVM ni suala la kuongeza kifaa kwenye orodha ya vifaa vya mgeni na kumwasha upya.

Sasa tuseme umetazama kipimo cha mwenyeji na umeona prosesa inahema kweli. Hapo tunaingia upande wa kazi nzito, na swali la kwanza ni hili: mgeni anaitumia prosesa moja kwa moja, au anaigiziwa?

Prosesa za familia ya Intel hazikubuniwa kwa ajili ya wageni. VMware ilipotoa programu yake ya kwanza mwaka 1999 ilibidi itafsiri maagizo ya mgeni yakiwa njiani. Intel ilileta msaada wa ndani ya prosesa, VT-x, mwaka 2005, na AMD ikafuata na wake mwaka 2006. Leo msaada huo tunauchukulia kama hewa, mpaka siku unapokosekana. Kwenye KVM, kama faili ya /dev/kvm haipo, QEMU inaweza kumwendesha mgeni kwa kuigiza kila agizo, na kuwaka kwa sekunde kumi kunageuka dakika nyingi. Sababu ya kawaida ni BIOS: kipengele cha Virtualization Technology kwa Intel, au SVM kwa AMD, kimezimwa. Kompyuta nyingi tunazonunua hapa ni zilizotumika ofisini ng'ambo, na nyingine zinakuja kipengele hicho kikiwa kimezimwa. Na hata ukikiwasha, angalia betri ndogo ya duara kwenye ubao, CR2032. Ikifa, baadhi ya kompyuta zinasahau mpangilio kila umeme unapokatika, na kipengele kinarudi kuzimwa bila mtu kukigusa. Ukiona pia saa ya kompyuta imerudi miaka nyuma, badilisha betri hiyo kabla ya kuanza uchunguzi mwingine.

Kwenye laptopu za Windows kisa kina sura nyingine, na ndicho ninachoulizwa na wanafunzi karibu kila muhula. Kijana analeta laptopu mpya ya RAM gigabaiti 16, SSD nzuri, na mgeni wake wa Ubuntu ndani ya VirtualBox anachukua dakika sita. Mimi huangalia kwanza chini kulia mwa dirisha la mgeni. Pale penye alama ndogondogo, kuna mahali ambapo panapaswa kuwa na kialama cha bluu chenye V. Kwake pana kobe wa kijani.

Kobe huyo hakuwekwa kwa urembo. Anasema kwamba Windows yenyewe imeshaikalia ile nafasi ya chini kabisa kwenye prosesa kwa kutumia haipavaiza yake, Hyper-V, na VirtualBox imebaki kuomba huduma kupitia kwake. Fungua faili ya VBox.log utakuta hata mstari unaotaja "Snail execution mode", mwendo wa konokono. Mwenye laptopu atakuapia kwamba hajawahi kusakinisha Hyper-V, na anasema kweli. Imeamshwa na vitu vingine: WSL 2, Docker Desktop, Windows Sandbox, au kinga ya "Memory integrity" iliyo chini ya "Core isolation", ambayo kompyuta nyingi za Windows 11 zinakuja nayo ikiwa imewashwa.

Una njia mbili, na ni lazima uchague. Kama huhitaji hivyo vingine, vizime kwenye orodha ya vipengele vya Windows, kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi andika "bcdedit /set hypervisorlaunchtype off" na uzime kompyuta kabisa kabla ya kuiwasha. Kabla hujafanya hivyo hakikisha unao ufunguo wa BitLocker, kwani badiliko hilo linaweza kuifanya kompyuta iudai. Na kama ni laptopu ya ofisi, omba ruhusa. Ile "Memory integrity" inazuia programu hasidi kuingilia kiini cha mfumo, na si haki kuiondolea ofisi kinga yake ili zoezi la darasani liende kasi. Njia ya pili ni kukubaliana na mwenye nafasi: mhamishie mgeni wako kwenye Hyper-V yenyewe, au kama unachotaka ni Linux ya kujifunzia amri, tumia WSL 2. Mimi kwa wanafunzi wengi napendekeza hii ya pili.

Ikiwa anayehema ni diski, hesabu yake ni rahisi na inafaa kila mtu aijue. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 hivi. Kila inapotafuta kipande kipya inangoja kwa wastani nusu mzunguko, pamoja na mkono kusogea, na jumla inafika kama milisekunde 12. Yaani vipande 80 hivi kwa sekunde. Mfumo unaowaka unasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika; vikiwa 10,000, umeshafikisha dakika mbili, na hapo mgeni yuko peke yake. SSD haina mkono wala mzunguko. Ndiyo maana kama kuna hela moja tu ya kutumia, nasema bila kusita iende kwenye SSD, na iwe ya mwenyeji, ndani ya kompyuta. Mgeni aliyewekwa kwenye diski ya nje kupitia tundu la USB 2.0 atakuwa mzito hata diski yenyewe ikiwa nzuri.

Ila hakikisha kwanza hakuna kinachoitesa diski bila sababu. Antivirasi ya mwenyeji inayokagua faili ya gigabaiti 60 kila mgeni anapoigusa ni sababu tosha. Itoe folda ya wageni kwenye ukaguzi huo, na uweke kinga ndani ya mgeni mwenyewe. Sababu nyingine ni zile picha za hali, snapshoti, ambazo watu huzirundika wakidhani ni nakala za akiba. Kila snapshoti inaanzisha faili mpya juu ya ya zamani, na mgeni akitaka kipande cha data inabidi kitafutwe kwenye rundo lote hadi kipatikane. VMware wenyewe wanashauri zisizidi mbili au tatu kwenye mnyororo, na moja isikae zaidi ya saa 72. Nimewahi kufungua mgeni mwenye snapshoti 14, ya kwanza ikiwa ya miaka miwili nyuma. Kuzifuta kulichukua usiku kucha, kwa sababu kufuta maana yake ni kuunganisha data irudi mahali pamoja. Usianze kazi hiyo saa nne asubuhi, na usianze kama diski haina nafasi ya kutosha. Na nakala ya kweli iwe imekaa kwenye kifaa kingine kabla hujagusa kitu.

RAM na prosesa nazipitia haraka, kwa kuwa makosa yake ni machache. Mgeni aliyepewa RAM kidogo mno anaanza kutumia swopu kabla hajamaliza kuwaka. Mgeni aliyepewa nyingi mno anamnyima mwenyeji, na mwenyeji akianza swopu wote wawili wanazama. Jumla ya RAM ya wageni wote isifikie ya mwenyeji. Mwachie gigabaiti mbili au zaidi za kwake. Prosesa anza na mbili. Kumpa mgeni mmoja nane kwenye kompyuta yenye viini vinne hakumwongezei mwendo, kunamfanya agombee foleni.

Mgeni wa Windows naye ana daftari lake. Fungua Event Viewer, nenda kwenye kumbukumbu za Diagnostics-Performance, utafute tukio namba 100. Limeandika kuwaka kulichukua milisekunde ngapi, na matukio yanayofuata namba hiyo yanataja programu au kiendeshi kilichochelewesha. Mara nyingi ni programu tano za kujiwasha zenyewe ambazo hakuna anayezihitaji kwenye seva.

Nirudi kwenye ofisi ya mama mhasibu, maana zile dakika mbili hazikueleza asubuhi nzima. Niliwasha upya mwenyeji kama vile umeme umerudi, na wageni wote watatu wakaanza kwa mpigo, wote wakivuta diski moja ya kuzunguka. Ile ya hesabu, iliyokuwa imewaka kwa sekunde kumi na moja ikiwa peke yake, sasa ilichukua karibu dakika tano, na kila nilipojaribu muda ulibadilika. Hii sasa ilikuwa kazi, si kungoja. Proxmox, ambayo ndiyo inayoendesha seva ile, ina mahali pa kupanga zamu kwa kila mgeni, nani aanze wa kwanza na akae sekunde ngapi kabla ya kumruhusu mwingine. Kumbukumbu za mizigo nikaipa namba moja kwa kuwa hesabu inaitegemea, na sekunde 60 za nafasi. Hesabu ya pili, na sekunde 60 nyingine. Ile ya faili ikawa ya mwisho. Wote watatu wakawa tayari ndani ya dakika nne, na hesabu ikiwa tayari ndani ya dakika moja na nusu. Hyper-V nayo ina kipengele cha kuchelewesha kwa kila mgeni, na ESXi ya VMware ina zamu za aina hiyo ambazo kwa kawaida huja zikiwa na sekunde 120 kati ya mgeni na mgeni, kwa hiyo kama una wageni kumi kwenye ESXi na wa mwisho anaamka baada ya dakika ishirini, punguza namba hiyo.

Jambo moja katika asubuhi ile sikulifupisha, wala nawe usilifupishe. Mgeni aliyekatikiwa na umeme ghafla anakagua diski yake anapoamka, na hifadhidata inarudia kumbukumbu zake ili isipoteze miamala. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Mwache amalize, ukimzima katikati utaanza upya na pengine na data iliyovurugika. Dawa ya hapo iko nje ya kompyuta: UPS iliyounganishwa kwa waya wa USB, na programu kama NUT inayomwambia mwenyeji awazime wageni kwa utaratibu betri inapopungua. Mama mhasibu alikubali hela ya RAM iende kwenye UPS.

Kabla sijaondoka nilirudi kwenye ile faili ya netplan. Fundi mwingine atakayekuja akiona kadi isiyo na kazi na neno "optional" chini yake anaweza kudhani ni kosa akalifuta. Nikaandika juu ya mstari, baada ya alama ya reli: "ens19 ilikuwa ya kifaa cha nakala, kimeondolewa. Ukifuta mstari huu mashine itangoja dakika 2 kila ikiwaka. Kikirudishwa kifaa, ufute." Nikaweka tarehe.